Mabadiliko Madogo

Kwa miaka kumi na tisa nimelipwa kuona makosa ya watu wengine. Nakaa chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, kalamu nyekundu mkononi, napitia vitabu vya hesabu, kalenda, risala za wastaafu na kila kitu ambacho mtu anataka kichapwe bila kumtia aibu. Sijisifu, lakini koma iliyopotea naiona kabla sijavaa miwani. Na bado kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyapitisha liko kwenye mkataba wangu mwenyewe, ukurasa wa nne, mstari wa tatu kutoka chini: Mtayarishaji anaruhusiwa kufanya mabadiliko madogo bila kumrejea mwandishi. Niliisoma sentensi hiyo, nikaona haina kosa la tahajia, nikatia sahihi.

Nilikuwa nimeandika kitabu kimoja. Kimoja tu, na sidhani kama nina kingine tumboni. Nilikiandika saa ya chakula cha mchana, nyuma ya karatasi za majaribio, kwa miaka mitatu, bila mtu wa kuniuliza kinaendeleaje. Kinamhusu baba aliyelala kitandani miezi kumi na moja akiwa hawezi kujigeuza, na familia iliyopeana zamu za kukaa naye. Akikohoa lazima mtu amwinue, la sivyo atapaliwa. Alasiri moja mwenye zamu anatoka. Anakwenda kukaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, mtaa wa pili, saa tatu nzima, hafanyi chochote, hasemi na mtu. Anaporudi, baba ameshakufa peke yake. Anayesimulia ni mtoto mkubwa wa nyumba, na huyo aliyetoka anamwita, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mdogo wangu.

Baba huyo ni baba yetu. Mtaa mzima unajua, wala sikujaribu kuficha. Ambalo mtaa haujui ni mdogo wangu yupi. Nyuma yangu walizaliwa pacha, wa kiume na wa kike. Wa kiume ni fundi wa majokofu, na jina lake limekuwa Fundi tangu alipofungua redio ya Baba akiwa na miaka saba. Wa kike ni msusi, na kwa jinsi anavyoongea tulimwita Kasuku, akaridhika nalo. Karatasi ya zamu ilibandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mgonjwa: asubuhi Mama, mchana Pacha, usiku mimi. Mchana pacha walikuwa wanaelewana wenyewe nani akae. Siku ile mimi nilikuwa kazini, Mama amekwenda kupanga foleni ya dawa hospitali, na yeye ndiye aliyetangulia kurudi. Katikati ya msiba aliuliza mara moja, "Pacha, mlikuwa wapi?" Wote wawili wakalia, hakuna aliyejibu. Hakuuliza tena.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," Mama aliniambia mwaka uliofuata, tukikunja nguo, bila kutaja anasema juu ya nini. Nikaelewa. Alikuwa ameigawa lawama katikati, kila pacha nusu yake, na mtoto mwenye nusu ya lawama bado anaweza kukaribishwa chakula.

Ni Fundi ndiye aliyetoka. Aliniambia yeye mwenyewe baada ya miaka miwili, akanisihi Mama asijue. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika, akasema niandike, mradi mtu asimjue ni yeye. Hapo ndipo lugha yetu iliponifaa. Alitoka, alikaa, alirudi: nani atajua ni suruali au gauni? Niliandika kurasa mia mbili na kumi bila kutoa jasho, na hakuna msomaji hata mmoja aliyeniandikia kuuliza. Mama alikisoma kwa siku mbili, akakifunga, akasema, "Umeandika vizuri." Basi.

Ofisi ya Mtayarishaji wa filamu iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, na kila baada ya muda karani anaingia kuitazama ndoo kama imejaa. Mtayarishaji ni bwana mwenye tabasamu la kudumu na simu mbili alizozilaza kifudifudi mezani. Siku ile niliyokwenda, alikaa katikati, na pembeni yake Mwongozaji, mama mmoja mwembamba ambaye mwaka juzi alikuja hadi nyumbani kwangu na nakala ya kitabu changu iliyopigiwa mistari kila ukurasa. Siku hiyo alikuwa anaangalia ndoo.

"Mwandishi wetu, karibu," Mtayarishaji alisema. "Kitabu chako kimetutesa, lakini kwa uzuri. Watu wakubwa wamelia." Akaendelea hivyo kwa dakika kadhaa, akinivisha kilemba cha ukoka mpaka kikataka kunifunika macho.

"Nimesoma rasimu ya saba," nilisema alipopumua. "Kuna msichana."

"Ndiye mhusika wetu mkuu."

"Kwenye kitabu hakuna msichana."

"Wala mvulana hakuna. Tumetafuta. Mwongozaji amekisoma mara nne."

Mwongozaji akasema, macho bado kwenye ndoo, "Ni fomu ya wafadhili. Wanasoma kwa lugha yao, na lugha yao haina yeye wa watu wote. Kila sentensi unaulizwa, wa kiume au wa kike? Nilikaa na ile fomu siku mbili. Mwisho nikajaza wa kike."

"Kwa nini wa kike?"

"Kwa sababu ya Nyota," alijibu Mtayarishaji. Nyota ni yule binti wa tamthilia ya saa moja jioni, ambaye sura yake iko kwenye mabango ya sabuni mji mzima. "Ukiwa na Nyota, majumba ya sinema yanakupigia yenyewe. Usipokuwa naye, unapiga wewe na hawapokei. Ni badiliko dogo, dada yangu. Mdogo ni yule yule."

Nikafungua ukurasa wa thelathini na sita, nilipokuwa nimeweka alama nyekundu kwa mazoea. "Na hapa anakwenda kwa mpenzi. Kwenye kitabu haendi kwa mtu. Amechoka tu."

"Hapo ndipo palipotushinda." Tabasamu lilibaki, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyeshaeleza jambo hilo mahali pengine, kwa watu wengine, na kushindwa. "Kuchoka si kisa. Mtu hawezi kukata tiketi aje kumtazama aliyechoka. Aliyechoka anaye nyumbani, anamtazama bure. Lazima binti awe na anachokikimbilia. Tumetia chumvi kidogo, basi."

Sijui kama umewahi kugombania kitu ambacho huruhusiwi kukitaja. Nikisema mfanyeni mvulana, nimemtaja mmoja. Nikinyamaza, nimemtaja mwingine, tena asiye na hatia. Nilijikaza kisabuni, nikatafuta njia ya katikati.

"Msionyeshe uso," nilisema. "Mpigeni picha kwa nyuma. Mikono, miguu, kivuli mlangoni. Watu watamfuata hivyo hivyo."

Mwongozaji akainua macho kwa mara ya kwanza. "Niliwahi kulipendekeza hilo," alisema polepole. "Kwenye rasimu ya pili."

"Tumlipe Nyota atuonyeshe kisogo?" Mtayarishaji aliuliza, na kusema kweli hata mimi ningecheka kama ningekuwa na nguvu.

Nikaomba basi jina langu liondolewe. Akakubali upesi mno. Jina langu wangeweza kuliondoa, alisema, lakini jina la kitabu lilikuwa lao sasa, na yaliyomo pia, pamoja na mabadiliko madogo kama ilivyoandikwa. Akageuza simu moja kuangalia saa. Karani akaingia kutazama ndoo.

Mwongozaji alinisindikiza ngazi zote tatu kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Tulipofika chini, kwenye vioo vingi vinavyoonyesha watu wachovu wawili mara ishirini, alisimama.

"Nisamehe," alisema. "Nilianza nikiwa na filamu. Kila mkutano walichukua kidogo. Kidogo huwezi kukigombania, unaonekana mkorofi. Unasema acha hiki kiende, nitapigania kikubwa. Kikubwa chenyewe hakikuja. Sasa sijui imebaki nini."

"Usihangaike," nilisema, ingawa nilitaka ahangaike. "Kitabu changu nacho kina makosa. Ila nikiulizwa ni ya nani, najua."

Kesho yake, baada ya kazi, nilikwenda karakana ya Fundi. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la bucha, mlango wake umeegemezwa ukutani. Nikamwambia wamemfanya msichana, tena mwenye mpenzi.

"Msichana?" Aliendelea kukaza nati iliyokuwa imeshakaza. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe. Lakini pacha ni wawili, Fundi. Ukimtoa mmoja, anabaki nani?"

Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Sikupenda nilichokiona. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyeruhusiwa kutua mzigo. Katika miaka minane tangu msiba sikuwahi kuyaona yakishuka hivyo. Nilimchukia kwa dakika moja nzima, mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Kisha chuki ikaniisha, kwa sababu hata chuki inataka nguvu, nami nilikuwa nimetoka kazini.

"Mwambie Mama kabla haijatoka," nilisema.

"Nipe muda kidogo, Dada."

"Umepewa miaka minane."

"Najua. Kidogo tena."

Kasuku nilimpigia simu. Yeye siku zote alijua. Siku ile walikuwa wameelewana kuwa ni zamu ya mwenzake, yeye akaenda kusuka watu, na tangu msiba hajafungua mdomo wake juu ya hilo, mdomo ambao haujawahi kufungwa kwa jambo lingine lolote.

"Nyota aniigize mimi?" alisema, na nyuma yake nikasikia wateja wake wakicheka. "Mwambieni aongeze mwili kwanza. Na ajifunze kuongea, yule mtoto anameza maneno." Halafu akatoka nje, nikajua kwa sababu sauti za wateja zilipotea. "Pacha wangu anasemaje?"

"Anaomba muda."

"Basi mpe. Mimi nina mdomo, Dada. Wakinisema nitawajibu. Yeye wakimsema atakufa."

"Na Mama?"

"Mama ananipenda nusu tangu siku ile," alisema. "Nimeshazoea."

Nilirudi kwenye meza yangu na kalenda ya mwaka ujao, ambayo ilikuwa na Februari mbili. Nilikuwa nimempa Fundi mwezi mmoja kichwani mwangu, kwa sababu waliniambia filamu itachukua miezi mitano. Sikujua kuwa filamu hutanguliwa na kionjo, kipande cha tangazo kinachopigwa kabla ya filamu yenyewe, na kionjo hakimngojei mtu. Kilitoka siku ya Ijumaa, dakika mbili, kikaingia kwenye simu za watu wote kabla ya saa sita mchana. Jina langu, kweli, hawakuliweka. Waliweka la kitabu.

Jumapili Mama akatuita sote watatu. Jokofu lake lilikuwa limekufa wiki ile, kwa hiyo Fundi alikuja mapema na mfuko wake wa vyuma, akalivuta kutoka ukutani, akaingia nyuma yake. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mgongo wima, akiwa amevaa kama mtu anayesubiri wageni. Kasuku alifika wa mwisho, akielezea tangu nje jinsi kondakta alivyomdhulumu, akamwona Mama alivyokaa, akaacha hadithi katikati.

"Jirani amenionyesha," Mama alisema. "Kwenye simu yake. Binti anachana nywele mbele ya kioo, baba yake anakohoa nyuma. Anaendelea kuchana. Kisha anapanda pikipiki ya kijana mmoja, anaondoka anacheka."

"Mama, hiyo ni filamu," nilisema. "Wametunga."

"Kitabu ulitunga?"

Nikavua miwani, nikaanza kuifuta.

"Kama uliyoyaandika ni kweli, nao wamechukua kwako, wangejuaje kuwa ni wa kike usipowaambia wewe?"

Kuna majibu mengi ya swali hilo. Kuna fomu, kuna wafadhili, kuna lugha ya watu wengine, kuna mabango ya sabuni. Nilimtazama mama yangu, mwanamke wa miaka sabini na moja ambaye hajawahi kuingia ofisi ya mtu yeyote wa filamu, nikaona yote hayo ni maelezo ya kitoto. Na kila jibu lililobaki lilikuwa na jina la mtu ndani yake.

"Njoo hapa," Mama akamwambia Kasuku.

Kasuku akaenda, akapiga magoti mbele ya kiti. Mama akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Nimekaa na jambo hili tangu Ijumaa," alisema. "Siku ya kwanza nilikasirika, sikutaka kukuona. Jana nikasema, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Amefungiwa ndani na mgonjwa miezi yote ile, na nje kuna mtu anampenda. Hata mimi niliwahi kupenda mtu. Nimekusamehe, mwanangu. Kwa moyo wangu wote. Yaliyopita si ndwele."

Nilingoja mdomo wa Kasuku. Alinitazama mimi, akatazama jokofu, kisha akainamisha kichwa chini ya mkono ule. "Asante, Mama," alisema.

Akalia. Sijui alilia kwa sababu ya uongo alioumeza, au kwa sababu mkono wa Mama ulikuwa haujamkalia kichwani mzimamzima kwa miaka minane. Nyuma ya jokofu spana ilikuwa imenyamaza. Nilingoja Fundi atoke. Nilihesabu pumzi zangu kumi, nikampa na nyingine tano. Niliwaza kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa sasa: watapiga filamu yao, watu watalia, Mama atazeeka akimpenda aliyesamehewa, na atakayebaki nyuma ya jokofu hatasamehewa kamwe, kwa kuwa msamaha wake umeshachukuliwa na mwingine. Nilichoka kulinda siri kuliko nilivyowahi kuchoka kwa jambo lolote.

"Si yeye, Mama," nilisema.

Mama hakuuliza ni nani basi. Hesabu ya pacha ni fupi. Mkono wake ulibaki pale pale kichwani mwa Kasuku, lakini uso uligeuka polepole kuelekea jokofu.

Fundi akatoka. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi na spana mkononi. "Ilikuwa zamu yangu," alisema.

"Ulikwenda kwa nani?"

"Sikwenda kwa mtu. Nilikaa kwenye ngazi za lile duka la viatu lililofungwa."

"Ukafanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilisema nikae dakika kumi." Akaitazama spana. "Nilichoka, Mama."

Kasuku alikuwa ameshika upindo wa gauni la Mama, kama alivyokuwa anafanya utotoni walipokosa wote wawili na kutajwa mmoja.

"Yule wa kwenye simu nilimsamehe kwa siku mbili," Mama alisema hatimaye. Sauti yake haikupanda. "Alikuwa na pa kwenda. Wewe sijui nianzie wapi kukusamehe. Mimi pia nilichoka. Nilichoka kukushinda wewe. Sikuondoka."

"Najua."

"Hujui. Weka hicho chuma chini. Kaa."

Hapakuwa na kiti kingine, akakaa sakafuni, pale palipokuwa na jokofu, kwenye ule mraba wa sakafu ambao haujafagiliwa siku nyingi. Mama akamwinua Kasuku kwa mkono, akampangusa uso kwa kiganja chake, akatuambia sisi wawili twende nyumbani. Fundi naye akataka kusimama, ni mazoea tu, tuliitwa pamoja na huwa tunaondoka pamoja.

"Wewe bado," Mama akamwambia.

Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni tulimsikia akivuta kiti chake kutoka dirishani, miguu ya kiti ikikwaruza, mpaka karibu na pale alipokaa mwanawe.

"Haya, nieleze," alisema. "Polepole. Siku ile uliamka saa ngapi?"